Pembe Iliyokosekana: Utoe Kwenye 180, Utumie Saini, Kosaini, au Uchukue Kipimapembe?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Mtoto wa darasa la sita ana pembetatu yenye pembe mbili zilizoandikwa na ya tatu imewekewa x. Dada yake wa kidato cha nne amepewa pande tatu bila pembe hata moja. Fundi wa kenchi anajua upana wa nyumba na kimo cha paa, anachotaka ni mteremko wa kukatia mbao. Wote watatu wanatafuta pembe, na wakiuliza watu watano watapewa njia tano.

Nimefundisha tuisheni ya jioni kwa miaka kadhaa. Nilichokiona ni kwamba mwanafunzi hakosi kwa sababu hajui kanuni. Anazijua tatu au nne, kisha anashika ile aliyoikariri vizuri zaidi, hata kama swali linalilia nyingine. Ndiyo maana nimeziweka njia tano pamoja hapa, kila moja ikiulizwa maswali yaleyale.

Kiwanja cha mfano

Ili tusipendelee, njia zote zitajaribiwa kwenye kiwanja kimoja cha kubuni chenye kona tatu: penye mwembe, penye mnazi na penye kisima. Mwembe hadi mnazi ni mita 13. Mnazi hadi kisima ni mita 7. Mwembe hadi kisima ni mita 8. Pembe ya penye kisima ni nyuzi 120 kamili, ya mnazi ni nyuzi 32.2 na ya mwembe ni 27.8. Chora kwenye karatasi sasa hivi, hata kwa mkono tu, maana tutarudi kwenye mchoro huo mara nyingi.

Hesabu za 7, 8 na 13 sikuziokota tu. Zina kisa chake, nacho kiko kwenye saini (si saini ya kuweka kwenye hati ya kiwanja, ingawa hadithi itafika hukohuko).

Mambo ya kujiuliza kwanza

La kwanza ni una nini mkononi. Pembe mbili? Pande tatu? Pande mbili na pembe moja, na kama ni hivyo, pembe hiyo iko katikati ya pande hizo au iko pembeni? Swali hili peke yake huondoa njia mbili au tatu kabla hujashika kalamu.

La pili ni zana. Kwenye mtihani wa hisabati wa kidato cha nne Tanzania, kwa miaka mingi watahiniwa wameingia na majedwali ya hisabati bila kikokotoo. Wenzao wa KCSE Kenya huruhusiwa kikokotoo kisichoprogramika pamoja na majedwali. Fundi yeye ana futikamba, kamba na skwea. Njia nzuri kwa mmoja inaweza kuwa mateso kwa mwingine.

La tatu ni usahihi unaotakiwa. Kosa la nyuzi 1 kwenye daftari ni kitu kidogo. Kosa hilohilo ukilinyoosha mita 10 ukutani linakuwa sentimita 17 na kitu, yaani zaidi ya upana wa tofali la inchi 6.

La nne ni hili: kosa likitokea, litajitangaza au litajificha? Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote, na darasani hakitajwi kabisa. Kuna njia ambayo ukikosea, namba zenyewe zinagoma. Kuna nyingine ambayo ukikosea, kila kitu kinajumlishika vizuri na unaondoka ukitabasamu.

1. Kutoa kwenye 180

*Inahitaji nini.* Pembe mbili, au pembe moja na taarifa ya umbo. Zana ni kalamu.

*Inavyokwenda.* Pembe za ndani za pembetatu zikijumlishwa ni nyuzi 180. Mwembe 27.8 na mnazi 32.2 ni 60, kwa hiyo kisima ni 120. Mtoto akikataa kuamini, mpe pembetatu ya karatasi achane kona zake tatu, azipange ncha kwa ncha: zitakaa kwenye mstari ulionyooka. Euklide alilithibitisha jambo hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na hakuhitaji zaidi ya kuchora mstari mmoja sambamba na upande.

Njia hii ina ndugu wawili. Ukirefusha upande mmoja kupita kona, pembe ya nje inayopatikana ni sawa na jumla ya zile mbili za ndani zilizo mbali nayo. Kwenye kisima chetu, pembe ya nje ni 60, ambayo ni 27.8 na 32.2. Ndugu wa pili ni pembetatu pacha, yenye pande mbili sawa na pembe mbili za kitako zilizo sawa: ukijua ya juu ni 40, kila ya kitako ni 70.

*Inapoteleza.* Hapo hapo kwenye pembetatu pacha. Swali likisema tu "pembe moja ni nyuzi 40", majibu ni mawili: 40, 70, 70 au 40, 40, 100. Wengi huandika la kwanza na kuendelea. Jambo jingine ni kwamba pembe ya tatu iliyopatikana kwa kutoa hubeba makosa ya zile mbili bila kulalamika. Ukipima mwembe vibaya kwa nyuzi 3, kisima nacho kimekosewa kwa nyuzi 3, na jumla bado ni 180 safi. Ndiyo sababu wapima ardhi wa zamani, waliokuwa wakifunika nchi nzima kwa pembetatu, walipima pembe zote tatu. Jumla ilipopungua au kuzidi, walijua kosa ni kiasi gani wakaligawa.

Kwa anayependa mambo ya pembeni: 180 ni sheria ya sehemu bapa. Unganisha Nanyuki, Mbandaka na Ncha ya Kaskazini kwa mistari mifupi kabisa juu ya uso wa dunia. Miji hiyo miwili iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo kila mmoja unatoa pembe ya karibu nyuzi 90, na kule nchani kuna nyingine ya karibu 19. Jumla inafika karibu 199. Kiwanja chako hakitafika huko, usiwe na wasiwasi.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa msingi, na mtu yeyote ambaye tayari ana pembe mbili anazoziamini. Mwenye pande tu, njia hii haimsaidii kitu mpaka apate pembe mbili kwa njia nyingine.

2. Uwiano wa pembetatu mraba

*Inahitaji nini.* Pembe moja iwe mraba, yaani nyuzi 90, na ujue pande mbili zozote. Zana ni majedwali au kikokotoo.

*Inavyokwenda.* Wengi wetu tuliikariri kama SOTOKA HAH na hatukuisahau tena: saini ni upande unaotazamana na pembe ukigawanywa kwa haipotenusi (ule mrefu, unaotazamana na nyuzi 90), tanjenti ni unaotazamana ukigawanywa kwa unaopakana, kosaini ni unaopakana kwa haipotenusi. Chukua nyumba yenye upana wa mita 8 na paa linalopanda mita 1.5 katikati. Nusu ya upana ni 4. Tanjenti ni 1.5 gawanya kwa 4, yaani 0.375, na pembe yake ni karibu nyuzi 20.6. Huo ndio mteremko. Juu, mbao mbili zinapokutana, ni 180 toa mara mbili ya 20.6, yaani karibu 139. Njia ya kwanza na ya pili zimeshafanya kazi pamoja, na kwa fundi wa kenchi hapo mambo yamekwisha.

Pembetatu isiyo mraba nayo inaweza kuingizwa humu kwa nguvu. Kwenye kiwanja, vuta kamba kutoka kisimani ikutane kimraba na mstari wa mwembe na mnazi. Kamba hiyo ina mita 3.73. Sasa penye mnazi una pembetatu mraba yenye haipotenusi 7 na upande unaotazamana 3.73, saini ni 0.533, pembe ni 32.2. Kwa mtu aliye shambani na futikamba, hii ni rahisi kuliko inavyosikika, mradi awe na skwea ya kuhakikisha kamba imekaa kimraba.

*Inapoteleza.* Kosa kubwa ni kuitumia mahali ambapo hakuna nyuzi 90. Mchoro wa mtihani mara nyingi "unaonekana" mraba bila kuwa na kile kialama kidogo cha mraba kwenye kona, na jicho ni shahidi mbaya. Kosa la pili ni kuchanganya unaotazamana na unaopakana. Habari njema ni kwamba hili hujitangaza, maana paa la nyuzi 20 linageuka la nyuzi 69, na hakuna anayeezeka mnara. La tatu ni kikokotoo kilichoachwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe kisicho nyuzi. Kabla ya hesabu yoyote ya pembe, bonyeza saini ya 30. Kisipokupa 0.5, kirekebishe kwanza.

*Inamfaa nani.* Fundi wa paa, anayejenga ngazi, mwanafunzi wa kidato cha pili, na mtu yeyote mwenye kona ya mraba mahali fulani kwenye tatizo lake. Kona hizo ni nyingi kuliko unavyodhani: ukuta na sakafu, mlingoti na ardhi, mtu na kivuli chake.

3. Kanuni ya saini

*Inahitaji nini.* Upande mmoja na pembe inayotazamana nao, yaani jozi kamili, kisha upande mwingine mmoja. Zana ni zilezile.

*Inavyokwenda.* Kila upande ukigawanywa kwa saini ya pembe inayotazamana nao, jibu ni lilelile kwa pande zote tatu. Kwenye pembetatu bapa, kanuni hii iliwekwa wazi na Nasir al-Din al-Tusi katika karne ya 13. Ni nyepesi na inakaririka kwa urahisi. Ukiwa na jozi moja kamili, pembe nyingine inapatikana kwa mstari mmoja.

Tuijaribu. Tuseme tunajua upande wa mwembe hadi kisima ni 8, nao unatazamana na pembe ya mnazi, 32.2. Tunajua pia mwembe hadi mnazi ni 13, na tunatafuta pembe ya kisima inayotazamana nao. Zidisha 13 kwa saini ya 32.2, gawanya kwa 8. Unapata 0.866. Bonyeza kitufe cha kurudi kwenye pembe. Kikokotoo kinajibu: 60.

Lakini kisima ni 120.

*Inapoteleza.* Hapa ndipo nitakaa kidogo. Saini ya 60 na saini ya 120 ni namba moja. Kila pembe kali (chini ya 90) ina mwenzake butu (zaidi ya 90) mwenye saini sawa na yake: 50 na 130, 75 na 105. Kikokotoo hakijui wewe unataka yupi, kinakupa ile kali daima. Majedwali ya karatasi yanaishia 90, kwa hiyo nayo yanakupa ile kali daima.

Sasa angalia kosa linavyojificha. Mwanafunzi ameandika kisima ni 60. Mnazi ni 32.2. Anatoa kwenye 180, anapata mwembe 87.8. Mwalimu amemwambia kila mara ahakiki kwa kujumlisha: 60 na 32.2 na 87.8 ni 180. Anapiga mstari chini ya jibu. Uhakiki wake haukuhakiki kitu, maana ile 87.8 yenyewe ilipatikana kwa kulazimisha jumla iwe 180. Kuna kijana aliyewahi kunigomea kabisa: "Mwalimu, kikokotoo ndicho kilichosema 60." Na alikuwa na haki kwa kiasi fulani, maana taarifa aliyopewa ilikuwa na majibu mawili na swali halikumwambia achague lipi.

Kwani kweli ni mawili. Simama penye mnazi, elekeza kamba ndefu kwa nyuzi 32.2 kutoka mstari wa mwembe. Mtu mwingine asimame penye mwembe na kamba ya mita 8, aizungushe. Kamba yake itaigusa ya kwako mara mbili: mita 7 kutoka mnazini, na tena mita 15 kutoka mnazini. Pembetatu ya 7, 8, 13 ina nyuzi 120 kisimani. Pembetatu ya 8, 13, 15 ina nyuzi 60 hapo. Zote mbili zina ile 8, zina ile 13, zina ile 32.2, na zote ni halali. Ukubwa wa eneo la kwanza ni mita za mraba 24 na kidogo. La pili ni karibu 52. Mtu anayekuuzia kiwanja kwa kukutajia pande mbili na kona moja anaweza kuwa anasema kweli tupu huku nusu ya ulichodhani unanunua haipo.

Utajuaje kama uko kwenye hatari hii? Hutokea pale pembe uliyopewa haiko katikati ya pande mbili ulizopewa, na upande unaotazamana nayo ni mfupi kuliko ule mwingine. Kwetu, 8 inatazamana na pembe tunayoijua, na 8 ni ndogo kuliko 13: hatari ipo. Kama upande huo ungekuwa mrefu kuliko mwenzake, jibu lingekuwa moja tu na ungelala usingizi.

Kuna udhaifu mwingine usiotajwa sana. Karibu na nyuzi 90, saini husonga kwa mwendo wa kinyonga. Saini ikiwa 0.99, pembe ni karibu 82. Saini ikiwa 1, pembe ni 90. Tofauti ya sehemu moja ya mia tu, ambayo futikamba iliyolegea inaweza kuileta, inakusogeza nyuzi 8.

*Inamfaa nani.* Mwenye jozi kamili ambaye anajua, kwa mchoro au kwa maelezo ya swali, kama pembe anayoitafuta ni kali au butu. Inafaa sana pia kutafuta pembe ndogo, ile inayotazamana na upande usio mrefu kuliko zote, maana hiyo haiwezi kuwa butu.

4. Kanuni ya kosaini

*Inahitaji nini.* Pande tatu. Au pande mbili na pembe iliyo katikati yake, lakini hapo itabidi utafute kwanza upande wa tatu.

*Inavyokwenda.* Iseme kwa maneno na hutaisahau: jumlisha miraba ya pande mbili zinazoikumbatia pembe, toa mraba wa upande unaotazamana nayo, kisha gawanya kwa mara mbili ya zao la zile mbili za kwanza. Unachopata ni kosaini. Kwa kisima: 49 na 64 ni 113, toa 169, inabaki hasi 56. Mara mbili ya 7 kwa 8 ni 112. Hasi 56 gawanya kwa 112 ni hasi 0.5. Pembe ni 120.

Ile alama ya hasi ndiyo thamani yote ya njia hii. Kosaini ya pembe kali ni chanya, ya mraba ni sifuri, ya butu ni hasi. Hakuna kubahatisha. Mwenye majedwali anatafuta 0.5, anapata 60, anaona kumbe namba ilikuwa hasi, anatoa kwenye 180. Swali lilelile lililomtega kijana wa saini hapa linajijibu lenyewe.

Fundi anayeseti msingi kwa 3, 4, 5 anaitumia kanuni hii bila kuitaja: 9 na 16 toa 25 ni sifuri, na pembe yenye kosaini sifuri ni nyuzi 90. Yeye hapimi pembe kabisa. Anapima urefu, kitu ambacho futikamba inakiweza, na pembe inajileta. Ufaransa hadi leo kanuni hii huitwa kwa jina la al-Kashi, mwanahisabati aliyefanya kazi Samarkand mwanzoni mwa karne ya 15, kwa hiyo aliyesoma kwa Kifaransa huenda anaijua kwa jina hilo.

*Inapoteleza.* Hesabu ni ndefu, na bila kikokotoo miraba ya namba kama 7.35 inachosha. Kosa linalojirudia kwenye madaftari ni la mpangilio. Mwanafunzi anaandika 169 = 113 − 112 kosaini, kisha anatoa 112 kwenye 113 na kubaki na "1 kosaini". Ile 112 imeshikamana na kosaini, haitolewi peke yake. Ukianza na umbo nililolisema kwa maneno hapo juu, mtego huu hauupiti kabisa.

Inaathiriwa pia na vipimo: ile 13 ikipimwa 13.1, kisima kinaruka kutoka 120 hadi karibu 121.5. Lakini makosa makubwa hujitangaza. Ukipewa pande 5, 7 na 13, kosaini inatoka hasi 1.36, kikokotoo kinagoma, na kinagoma kwa haki, kwani 5 na 7 hazifiki 13 na pembetatu hiyo haipo duniani.

*Inamfaa nani.* Mwenye pande tatu, kati ya hizi tano hana njia nyingine ya hesabu iliyo ya moja kwa moja. Na mtu yeyote anayeogopa pembe butu.

5. Kuchora kwa skeli na kupima

*Inahitaji nini.* Taarifa yoyote inayotosha kuchora. Zana ni mkebe: rula, bikari, kipimapembe, na penseli iliyochongwa vizuri.

*Inavyokwenda.* Sentimita 1 iwe mita 1. Chora mstari wa sentimita 13. Weka bikari mwisho mmoja kwa 8, mwisho wa pili kwa 7, piga tao mbili. Zinapokutana ni kisima. Weka kipimapembe, soma.

*Inapoteleza.* Mchoro mzuri utakupa 119 au 121, mara chache 120 kamili. Kipimapembe kina mistari miwili ya namba, mmoja unatoka kushoto na mwingine kulia, na wanaosoma 60 badala ya 120 ni wengi, ingawa hapa jicho linakuokoa: kona imefunguka wazi, haiwezi kuwa 60. Penseli butu peke yake inaweza kula nyuzi nzima. Na swali la mtihani likisema "kokotoa", jibu la kupima halina alama.

Hata hivyo hii ndiyo njia pekee inayokuonyesha tatizo lenyewe. Ile hatari ya pembetatu mbili ichore kwa bikari, utaona tao likikata mstari mara mbili mbele ya macho yako. Pande za 5, 7 na 13 zichore, tao hazitagusana. Mimi hata ninapotumia kanuni nyingine huanza na mchoro wa haraka, usio na skeli, kwa sababu hiyo tu. Siku hizi simu nazo zina programu za kupima mwinuko. Kwa paa lililokwisha kujengwa ni njia ya haraka ya kupata makadirio, na ni makadirio tu.

*Inamfaa nani.* Anayejifunza, anayetaka kuhakiki jibu, na aliye kazini ambaye nyuzi 1 haimpi hasara.

Uchague ipi, ukiwa wapi

Kama una pembe mbili, toa kwenye 180 usijisumbue na kingine. Ila kama pembe hizo ulizipima mwenyewe kwenye ardhi, pima na ya tatu.

Ukiona nyuzi 90 popote kwenye tatizo, anza na uwiano wa pembetatu mraba hata kama unazipenda kanuni nyingine. Utaandika mistari miwili badala ya sita.

Una pande tatu na unatakiwa pembe zote tatu: anza na kosaini kwa pembe kubwa, ile inayotazamana na upande mrefu kuliko zote. Kama kuna butu, ni hiyo, na kosaini itakwambia. Ya pili itafute kwa saini, maana sasa una hakika ni kali na hesabu ni fupi. Ya tatu, ukiwa na dakika mbili za ziada, itafute nayo kwa saini, kisha ndipo ujumlishe zote. Hapo ile 180 inahakiki kweli. Kama muda umekwisha, toa tu.

Una pande mbili na pembe iliyo katikati: kosaini ikupe upande wa tatu, kisha endelea kama hapo juu.

Una pande mbili na pembe isiyo katikati, na uko kwenye mtihani: tumia saini, lakini andika majibu yote mawili pembeni, kisha soma swali tena ukitafuta neno "butu", "kali", au mchoro. Kama hakuna kitu kinachoondoa jibu moja, na lile butu likijumlishwa na pembe uliyopewa halifiki 180, yaandike yote mawili.

Unamsaidia mtoto wa msingi kazi ya nyumbani: karatasi na mkasi kwanza, kutoa baadaye. Usimwonyeshe saini hata kama unajisikia kuonyesha kwamba unaijua.

Na kama una pande mbili na pembe isiyo katikati, lakini uko kwenye kiwanja cha kweli na pesa ziko mfukoni, achana na kanuni zote. Chukua futikamba, mtu mmoja ashike mwisho wake penye mnazi, wewe tembea nayo hadi kisimani. Ni mita 7 au ni 15.